Gundi ipi kwa bomba za PVC, inchi 1 ya maji safi na inchi 4 ya maji taka? (Arusha)

Mjenzi wa Njiro:
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuunga PVC ya inchi 1 kutoka kwenye tangi lililo juu ya mnara wa mita 6, na ya inchi 4 kwenda shimoni. Maji ya moto nimenunua PPR. Dukani kuna gundi nyepesi na nzito. Kopo moja litatosha kote?

Fundi Sakina:
Mkuu, PPR iondoe kabisa kwenye hesabu ya gundi. Haiyeyuki kwa gundi hizo, inaungwa kwa mashine ya joto, nyuzi 260 hivi. Bomba nyeusi za roli nazo ni fitingi za kukaza.

Gundi ya PVC inalainisha uso wa bomba na wa fitingi hadi plastiki mbili zishikane ziwe moja. Ndiyo maana lazima kopo liseme PVC. Kwa inchi 1 tumia ya uzito wa kati. Inchi 4 inataka nzito, maana nafasi ndani ya soketi (mdomo wa fitingi unaopokea bomba) ni kubwa na nyepesi hutiririka kabla haijaijaza. Kama unanunua moja tu, chukua nzito, ila kwenye inchi 1 paka kidogo.

Mnara wa mita 6 unatoa presha ya baa 0.6 tu. Kiungo kikivuja hapo usilaumu presha, angalia uungaji.

Bomba Moshi:
Naongezea kwenye uungaji. Kata bomba wima bila mshazari, toa mabaki ya msumeno ndani na nje, chonga ukingo kidogo. Jaribu kavu: bomba liingie kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya soketi kisha likaze. Likiingia hadi mwisho likiwa linacheza, badilisha fitingi, gundi haitaokoa. Weka alama ya kina kwa kalamu.

Futa vumbi na maji, pitisha praima (kimiminika cha kuandaa plastiki kabla ya gundi). Paka gundi kwenye bomba vizuri, kwenye soketi safu nyembamba tu, halafu bomba tena. Sukuma huku ukizungusha robo, shikilia sekunde 30. Wengi huachia mapema na bomba linajirudisha nyuma, ile alama itakuonyesha. Gundi nyingi ndani ya soketi hujikusanya chini na kulainisha ukuta wa bomba, likapasuka baadaye.

Mjenzi wa Njiro:
Asanteni sana. Maji nifungulie lini? Na kopo la zamani limeanza kuwa zito, niongeze thina?

Bomba Moshi:
Hapana kaka, thina wala petroli usiweke. Ikishakuwa kama jeli, tupa. Unayotumia funika kila baada ya kiungo, na iwe mbali na moto na sigara, mvuke wake unawaka.

Subiri saa 24 kabla ya presha. Juni na Julai asubuhi kuna baridi, gundi inachelewa kukauka, hivyo unga kuanzia saa nne jua likishapanda na ushikilie kila kiungo dakika nzima.