Naomba ushauri: kuingia maji ya barafu kwa mwenye sukari

Wakuu habari zenu, nina miaka 46, naishi na sukari mwaka wa tatu sasa, natumia metfomini. Kuna dogo wa gym kanijaza maneno eti mwili una mafuta ya kahawia, ukipigwa na baridi yanachoma sukari ili upate joto. Kuperuzi nikakuta kweli Denmark mwaka 2021 watafiti waliwapima wanaume wanaoogelea maji ya baridi kali na kuingia sauna. Sasa wenzetu baridi wanayo ya bure, hapa ufukwe wa Coco, Dar, bahari yenyewe kama chai iliyopoa!

Jumamosi nikabeba mabonge mawili ya barafu kutoka soko la samaki Feri, muuzaji ananiuliza una samaki wangapi, nikatupia kwenye pipa nikazama. Aisee pumzi ilikata, moyo unadunda, dakika moja tu nimetoka meno yanagongana, mama watoto anacheka mpaka kakaa chini. Asubuhi kupima sukari 8.1 mmol/L, yaani palepale pa siku zote.

Kuna aliyefanya akaona mabadiliko? Presha nayo ninayo kidogo, halafu nyayo zina ganzi, si naweza kuungua na barafu bila kujua? Madaktari mliomo humu nisaidieni kabla sijarudi Feri.