Ubao upi wa theluji unamfaa mtu aliyezoea kuteleza baharini kwa tiara?

Mwana wa Nyali

Assalaam alaikum wanabaraza. Panapo majaaliwa, mwezi wa Septemba nitaondoka Mombasa kwenda Innsbruck, Austria, kwa masomo ya uzamili, na wenyeji wangu wa huko wamekwisha kuniarifu kwamba theluji ikianguka wanafunzi wengi hupanda milimani kila mwisho wa juma. Mimi hufundisha kuteleza baharini kwa tiara katika ufuo wa Nyali, kwa hiyo ubao si kitu kigeni kwangu. Ninaoutumia una ncha mbili zinazofanana na urefu wa sentimita 138, nao naupanda kwa kaskazi na kwa kusi. Theluji, hata hivyo, sijapata kuigusa, na kila ninaposoma juu ya mbao zake nakutana na majina ya kampuni mengi kuliko maelezo: Burton, Lib Tech, Jones, Capita, Nitro, Salomon, Rossignol.

Uzito wangu ni kilo 82, kimo changu ni sentimita 178, na navaa kiatu nambari 45. Ningependa kufahamishwa ubao wa mtu wa umbo langu uwe na urefu, upana na mkunjo wa namna gani, na kama tofauti baina ya kampuni hizi ni ya kweli au ni ya rangi na matangazo tu. Nauliza kwa haraka kidogo kwa sababu kuna rafiki aliyeko Vienna anayetaka kuniuzia Burton Custom ya sentimita 154 iliyotumika, kwa bei nzuri, naye anasubiri jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi.

Bi Rukia wa Kizingo

Wa alaikum salaam, mwanangu, na hongera kwa masomo. Niliishi Salzburg kwa miaka mingi kabla ya kurejea nyumbani, na wanangu wamekulia juu ya mbao hizo, kwa hiyo nitaanza na hilo la haraka: usiinunue hiyo 154, hata ukipunguziwa bei mara ya pili. Kampuni haina lawama, na ubao wenyewe ni mzuri, maana Custom imekuwa ikitengenezwa tangu 1996 na ina sifa yake. Tatizo ni upana. Kiuno cha ubao huo, yaani pale katikati palipo pembamba zaidi, kina takriban milimita 250, na mguu wa nambari 45 ukishatiwa ndani ya buti hutokeza nje mbele na nyuma. Utakapoulaza ubao ili ukate kona, ncha ya buti itaburura theluji kabla ukingo wa chuma haujashika sawasawa, ubao utanyanyuka, nawe utajikuta chini bila kujua kilichokuangusha. Wenye miguu kama yako hutafuta mbao zilizoandikwa herufi W baada ya urefu, kwa mfano 158W, ambazo kiuno chake huwa karibu milimita 260.

Juu ya urefu, kuna wanaosema usimamishe ubao na uone kama unafika kidevuni. Kipimo hicho kimepitwa na wakati, kwa kuwa ubao haubebi kimo, hubeba uzito. Kila kampuni ya maana huchapa jedwali linaloonyesha kila urefu unamfaa mtu wa kilo ngapi, na kwa kilo 82 utajikuta baina ya sentimita 156 na 160. Ubao mrefu hutulia unapokwenda kasi na huelea vizuri juu ya theluji nyingi iliyo laini kama ile iangukayo usiku kucha. Mfupi hugeuka kwa wepesi. Anayeanza na aegemee upande wa mfupi.

Ila nakusihi jambo moja ambalo hukuliuliza: fedha yako ya mwanzo iwe ya mabuti. Ubao wowote wa wastani utakufunza, lakini buti baya litakukatisha tamaa kabla ya adhuhuri. Nenda dukani mwenyewe ukivaa soksi za jozi moja tu, tena ikiwezekana jioni, mguu ukiwa umetanuka. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo; ukikunja magoti, virudi nyuma viwe huru. Kisha mwombe muuzaji alishikilie buti chini nawe ujaribu kuinua kisigino. Kikinyanyuka ndani ya buti, lirudishe rafuni hata kama rangi yake imekupendeza, kwa sababu kila amri unayoutumia ubao hupitia hapo kisiginoni. Mabuti ya mtumba yaepuke, kwani sponji la ndani hushika umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza.

Fundi wa Mtwapa

Bi Rukia amesema kweli tupu, nami naongezea upande wa mkunjo na wa kampuni, kwa kuwa natengeneza mbao za baharini na niliwahi kufanya kazi katika duka la vifaa vya theluji huko Calgary, Kanada.

Kaka, ujuzi wako wa Nyali utakusaidia kwa nusu, na ni muhimu uijue nusu hiyo ni ipi. Baharini tiara hukuvuta nawe unaipinga kwa kuegemea nyuma, uzito ukiwa visiginoni, ukienda kulia na ukirudi kushoto. Kwa hiyo ukingo wa visiginoni unaufahamu barabara, na kusafiri mguu wowote ukiwa mbele hakukutishi, jambo ambalo wanaoanza wengi hulihangaikia sana. Ukingo wa vidoleni, kwa upande mwingine, walio wengi kwenye tiara huutumia kwa nadra, ilhali mlimani nusu ya kona zako zote zitakuwa juu yake, umeupa mgongo mteremko na huoni unakokwenda. Wala hakuna kitakachokushikilia kwa juu. Hapo ndipo mkunjo wa ubao unapokuwa na maana.

Ulaze ubao sakafuni uutazame kwa ubavu. Ukiona katikati pameinuka na unagusa sakafu karibu na ncha zake, huo ni mkunjo wa asili, unaoitwa kamba kwa matamshi ya Kiingereza. Ukiukanyaga, unanyooka na ukingo wote hukandamizwa chini, kwa hiyo unashika hata juu ya barafu na unakurusha vizuri ukitaka kuruka. Ila hausamehe: ukingo ulio upande wa bondeni ukigusa theluji kwa bahati mbaya, hukutupa chini ghafla. Ukiona kinyume chake, katikati pamegusa sakafu na ncha zimepanda mapema, huo ni roka. Huo hugeuka bila ubishi na huelea juu ya theluji ya unga, lakini asubuhi mteremko ulipoganda huteleza ovyo. Siku hizi mbao nyingi ni mchanganyiko wa mikunjo hii miwili, na kila kampuni ina mpangilio wake. Burton katika mkunjo wao wa Flying V, na Lib Tech katika ule wa C2, wameweka roka baina ya miguu. Capita katika ubao wao wa DOA wamefanya kinyume: kamba iko katikati, na ncha ndizo zilizoinuliwa. Kwa mtu aliyezoea kubana kwa nguvu kwa visigino kama wewe, mimi ningechagua mpangilio huu wa mwisho, kwa sababu utapata mshiko unaoujua, na ncha zilizoinuka zitakusamehe unapojifunza upande wa vidole. Tafuta ubao wenye ncha mbili zinazofanana, na ugumu wa kati, tuseme 4 au 5 katika kipimo cha 10. Ujue tu kwamba kipimo hicho kila kampuni hujipangia, hivyo 5 ya huyu inaweza kuwa 6 ya yule.

Sasa kampuni. Tofauti zipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti iliyopo baina ya mbao mbili za kampuni moja. Burton, iliyoanzishwa na Jake Burton Carpenter huko Vermont mwaka 1977, ndiyo kubwa kuliko zote, na makao yake ya Ulaya yako hapo hapo Innsbruck uendako. Mbao zake nyingi zina mfereji mmoja wa kuwekea vibano vya miguu badala ya matundu ya skrubu, kwa hiyo unaweza kusogeza mguu kwa kiasi chochote utakacho. Angalia tu kwamba kibano cha kampuni nyingine kina kisahani kinachoingiana na mfereji huo. Lib Tech na ndugu yake GNU hutoka katika kiwanda kimoja katika jimbo la Washington, nao wamejulikana kwa kingo zenye mawimbi kama kisu cha mkate, zinazokata barafu katika sehemu kadhaa badala ya moja. Capita wana kiwanda chao Feistritz, kusini mwa Austria. Jones, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Jeremy Jones, imeelekea zaidi kwa wale wanaokwenda nje ya njia zilizosawazishwa, na mbao zake hutengenezwa Dubai. Ndiyo, Dubai hiyo hiyo tunayoagizia magari. Salomon na Rossignol ni za Ufaransa, zimetoka katika ski, yaani zile mbao mbili nyembamba za kutelezea, moja kila mguu, na katika bei ya chini na ya kati hutoa mbao zisizo na makuu na zinazodumu. Nitro nayo ni ya kuaminika, na mbao zake pana ni rahisi kuzipata.

Jambo la mwisho la kutazama ni upande wa chini. Plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa katika umbo ni ya bei nafuu, haihitaji nta mara kwa mara, na ikikwaruzwa ni rahisi kuiziba. Ile iliyotengenezwa kwa kukandamiza unga wa plastiki hunywa nta na kukimbia zaidi, lakini ukiacha kuipaka nta hukauka na kuwa nzito kuliko ile ya bei nafuu. Muuzaji atakusifia ya pili. Kwa msimu wa kwanza, ya kwanza inatosha.

Maalim wa Tudor

Nakubaliana na Fundi katika mengi, isipokuwa hili la kuchagua ubao hivi sasa, mtu akiwa bado yuko Mombasa. Mimi nasema asinunue ubao wowote kabla ya Januari. Maduka ya kukodisha yako chini ya kila mlima wa Austria, na ukikodi unaweza leo kuchukua 157 yenye kamba na kesho 158W ya mchanganyiko, ukajua kwa miguu yako kile ambacho Fundi amekieleza kwa maneno. Tena kuanzia Machi bei za mbao mpya hushuka, kwa kuwa maduka yanataka kutoa nafasi. Ubao ulioandikwa yuro 500 Novemba, mwisho wa msimu huweza kuupata kwa punguzo la maana. Mabuti, ndiyo, anunue mapema kama alivyoagiza Bi Rukia.

Juu ya hizo kingo zenye mawimbi, ni kweli zinashika, lakini ukingo wa kawaida ulionolewa vizuri hushika vilevile, na watu wengi wanaolalamikia barafu hawajawahi kunoa mbao zao. Kunoa ni kazi ndogo ukishafunzwa. Usiweke ubao ndani ya mfuko ukiwa umelowa, kwani chuma hupata kutu hata pasipo chumvi ya bahari.

Pili, chagua mlima. Nordkette unaoonekana juu ya mji wa Innsbruck unavutia, na lifti yake inaanzia mjini, lakini miteremko yake ni mikali na si pahali pa kujifunzia. Muttereralm iko karibu na ni ya taratibu. Patscherkofel inafuata baada ya hapo. Nunua kofia ngumu na vikinga vya viganja, kwa sababu kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika zaidi kwa wanaoanza: mtu akianguka hutanguliza mikono. Makoti na suruali za theluji, kabla hujatoa yuro hata moja, zunguka soko la Kongowea. Katika marobota ya mitumba hutokea nguo hizo, na hapa hazina mwenye haja nazo.

Na asikwambie mtu kwamba mlima si wa mtu wa Pwani. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika ski kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi na kulelewa Austria.

Mwana wa Nyali

Shukran jazila nyote. Rafiki yangu nimekwisha kumjibu kwamba ubao wake ni mwembamba kwa mguu wangu, naye ameelewa. Nimebakiwa na mawili. Je, nikinunua mabuti, ninunue yale ya mfumo wa Step On usio na mikanda, au ya kawaida? Na vibano niviweke katika pembe gani?

Bi Rukia wa Kizingo

Step On, ambao Burton waliutoa mwaka 2017, ni mzuri kwa kweli: unakanyaga, buti linashika visiginoni na pande mbili za vidole, basi umekwisha kufunga. Mwanangu mmoja hataki tena kusikia habari ya mikanda. Lakini wewe umeshauriwa kukodi, na buti la Step On hulazimu kibano cha Step On, ambacho huenda duka la kukodisha lisiwe nacho siku uitakayo. Nunua buti la kawaida kwa sasa, linaingia katika takriban kila kibano cha mikanda.

Juu ya pembe, waambie wakuwekee nyuzi 15 mguu wa mbele na nyuzi 15 kinyume chake mguu wa nyuma, ncha za miguu zikitazama nje. Ndivyo unavyosimama kwenye ubao wako wa baharini, na magoti yako yamekwisha kuzoea. Ukiona goti la nyuma linauma baada ya kutwa nzima, punguza pembe ya mguu huo hadi 9 au 6. Upana baina ya miguu uzidi kidogo upana wa mabega. Wakikuuliza mguu upi uwe mbele, chagua ule ambao ukiwa Nyali unaona raha zaidi ukiutanguliza, hata kama unaweza yote miwili.