Mrejesho: alamisho zangu zimerudi zote

Wakuu, nilisema nitaleta mrejesho. Ni ile ishu ya mdogo wangu kufuta folda nzima ya alamisho (kurasa za mtandao nilizohifadhi, bookmarks) kwenye kivinjari cha Firefox Jumamosi: bei za nyavu, spea za injini za mitumbwi, hali ya hewa ya ziwa, mkusanyiko wa miaka 4.

Fundi mmoja huku Kirumba alitaka elfu 30, tena kompyuta ilale kwake. Nikagoma. Nikafuata ushauri wenu: nikabonyeza Ctrl+Shift+O kufungua dirisha la alamisho, nikaingia sehemu ya nakala rudufu (backup), halafu kurejesha. Loo! Tarehe zimejipanga, kila moja na idadi ya alamisho zake pembeni. Ya Jumapili 41, ya Ijumaa 312. Nikajua ndiyo hiyo.

Ila kurejesha kunafuta zilizopo, kwa hiyo alamisho 3 mpya niliziandika kwanza nyuma ya risiti ya dagaa. Na msizubae, kwa kawaida inatunza nakala 15 tu, za zamani zinaondoka.

Nakala nyingine ya alamisho nimeitoa kama faili, iko kwenye flashi niliyoifunga pamoja na funguo za duka. Dogo hagusi tena.