Binti anatulipia safari ya meli ya kitalii Ulaya, mimi na mzee wangu. Tujiandae vipi?

MamaShani_Chumbageni

Habari za jioni ndugu zangu. Niko Tanga, mwalimu mstaafu. Binti yangu anafanya kazi Uingereza na ameamua kutulipia mimi na baba yake safari ya meli kubwa ya kitalii, usiku saba, mwezi wa tisa. Inaanzia Barcelona na kuishia hapohapo: Marseille, Genoa, Civitavecchia, Napoli, halafu siku moja Tunis. Yeye atatukuta Barcelona tupande pamoja.

Mimi nimezoea boti ya Unguja na ya Pemba, basi. Mzee ana kisukari, na magoti yanamsumbua, ngazi kwake ni mtihani. Binti ananitumia picha za mabwawa ya kuogelea na kumbi za chakula, ila ninayotaka kuyajua mimi hayamo kwenye picha. Viza inakuwaje? Tuchukue chumba cha aina gani? Chakula cha halali kipo? Bahari ikichafuka je? Hajalipa bado, anataka nimjibu wiki hii. Aliyewahi kupanda au kufanya kazi humo anisaidie.

Stuadi_Ngamiani

Shikamoo mama. Mimi ni wa Ngamiani, na nimefanya kazi ya ustuadi wa vyumba kwenye meli hizo miaka mingi, sehemu kubwa humohumo Mediterania. Nitaandika kirefu, uniwie radhi, maana nimeona wazee wengi wakiharibikiwa safari kwa mambo ambayo mtu angewaambia mapema tu.

Mwambie binti asilipe kwanza mpaka mmalizane na hiyo siku ya Tunis. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zikiwemo Hispania, Ufaransa na Italia, hutolewa ya kuingia mara moja au zaidi ya mara moja. Meli ikitoka Napoli kwenda Tunis, nyinyi mmeshatoka Schengen, hata kama nguo zenu ziko kabatini na kitanda ni kilekile. Kurudi Barcelona ni kuingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kukataliwa siku ya kwanza kabisa, pale kaunta ya gatini, kwa sababu kampuni haitaki kubeba mtu atakayekwama mbele ya safari. Na Tunisia nayo ina masharti yake. Kama binti ana pasi ya Uingereza, yale anayosoma kwenye tovuti yanamhusu yeye, nyinyi hayawahusu. Aiulize kampuni kwa maandishi: mwenye pasi ya Tanzania anatakiwa awe na nini kwa kila bandari ya safari hii? Mimi ningetafuta meli inayopita Palma, mji wa kisiwani huko Hispania, badala ya Tunis, mkabaki ndani ya Schengen mwanzo mpaka mwisho.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Msisubiri huko mwishoni. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kwenye ratiba yenu Italia ina bandari tatu, lakini mkilala Barcelona kabla ya kupanda na baada ya kushuka, hesabu inaweza kuhamia Hispania. Kaeni na kalenda mhesabu ndipo mchukue miadi Dar.

Halafu suala la kufika. Kutoka stendi ya Kange mpaka gati la Barcelona kuna basi, kuna foleni ya Dar, kuna ndege mbili, na kokote hapo panaweza kukwama. Meli haisubiri ndege. Fikeni siku moja kabla, na kwa hali ya mzee siku mbili ni bora zaidi.

Mkishapanda, jambo la kushika ni saa. Kila jioni mtakuta karatasi chumbani yenye ratiba ya kesho, imeandikwa mfano 16:30 wote wawe ndani. Hiyo ni saa kumi na nusu ya jioni kwa saa zetu. Iandike kwa saa zetu, mpe na mzee. Nimewahi kusimama tezi, yaani nyuma ya meli, nikatazama mume na mke wanakimbia gatini na mifuko ya manunuzi, kamba zimeshafunguliwa na ngazi imeshapandishwa. Wakati huo sisi tulikuwa tumeshaingia chumbani kwao, tukachukua pasi zao kwenye sefu zikaachwa kwa wakala wa bandari, ili angalau waweze kuifuata meli bandari inayofuata kwa gharama zao. Yule mama alikuwa anapunga kitambaa. Nahodha hana la kufanya, gati lina zamu na rubani wa bandari, anayeiongoza meli kutoka, yuko juu.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba msije mkaenda Roma peke yenu. Matangazo yanasema "Roma", lakini meli inafunga Civitavecchia, na kutoka hapo mpaka Roma ni kilomita zipatazo 80, kama mtu ashuke bandarini Tanga halafu shughuli yake iko Segera. Mkitaka Roma nendeni na ziara ya meli yenyewe. Ni ghali, lakini basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri. Napoli haina shida, ukitoka gatini tu uko mjini na ile ngome kubwa ya Castel Nuovo iko mbele yako. Genoa pia ni karibu. Marseille gati liko mbali na mji, kuna basi la kulipia.

Sasa hili naomba ulisome mara mbili. Siku ya kupanda kutakuwa na mazoezi ya dharura. Ishara ni honi saba fupi na moja ndefu. Mtaelekezwa kituo chenu cha kukusanyikia na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Abiria wengi huona ni usumbufu, wanataka wakapige picha juu. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwani Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32, waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo Civitavecchia walikuwa hawajafanya mazoezi, kwani sheria ya wakati ule iliruhusu yafanyike ndani ya saa 24. Sasa ni lazima yafanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Sisi wa pwani hii tunaijua Spice Islander, meli iliyozama ikielekea Pemba Septemba 2011, kila mtaa hapa Tanga una mwenye ndugu Pemba. Kwa hiyo nendeni kituoni kwa miguu yenu, hata kama wameonyesha video chumbani. Mzee apite njia ya ngazi polepole ajue iko wapi, maana kwenye dharura lifti hazitumiki. Na binti awaandikishe mapema kwamba kuna abiria mwenye shida ya kutembea. Kuna wahudumu wanaopangiwa kazi ya kuwasaidia watu kama hao, ila ni lazima jina liwe kwenye orodha.

Chumba: katikati ya meli, ghorofa za chini au za kati, karibu na lifti. Omo, yaani mbele, na tezi ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Na umbali ni mkubwa kuliko unavyodhani. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365. Yenu huenda ni ndogo kuliko hiyo, lakini chumba cha mwisho wa korido kitamfanya mzee akose hamu ya kwenda kula.

Halali: binti aandike maombi wakati wa kulipia, kisha siku ya kwanza mtafuteni msimamizi wa ukumbi wa chakula mzungumze naye uso kwa uso. Meli nyingine zina nyama ya halali ukiomba mapema, nyingine hazina, na hapo mtategemea samaki, mboga na mayai. Ulizeni pia kuhusu supu, mchuzi na vitindamlo, divai hutiwa humo bila kuonekana.

Nesi_Raskazone

Dada Mama Shani, pole kwa maandalizi. Stuadi kamaliza mengi, mimi naongeza ya mzee tu.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwenye ndege na siku ya kupanda meli. Mabegi makubwa mnayakabidhi gatini na yanaweza kufika chumbani jioni. Kama anatumia insulini, isiingie kamwe kwenye begi la chini ya ndege, huko inaweza kuganda na ikiganda imeharibika. Friji ndogo za vyumbani mara nyingi hazina baridi ya kuaminika, aombe zahanati ya meli imhifadhie, na aombe kisanduku cha kutupia sindano. Daktari aandike barua ya Kiingereza yenye majina halisi ya dawa, sio majina ya biashara pekee. Chukueni dawa za ziada za wiki moja au mbili.

Zahanati ya meli inalipiwa, na bei yake si ya kwetu. Bima iseme wazi kwamba inalipa matibabu baharini na kumhamishia mgonjwa nchi kavu, na ugonjwa wa mzee utajwe kwenye fomu. Ukifichwa, bima inaweza kukataa kulipa.

Chagueni zamu ya mapema ya chakula cha jioni. Zamu ya pili inaweza kuwa saa tatu au saa tatu na nusu usiku, na kwa anayechoma insulini kwa saa maalumu ni kumtafutia kushuka sukari. Mzee asitembee peku kwenye sakafu ya bwawani, inapata moto, na mguu wa mwenye kisukari ukiungua anaweza asihisi.

Kichefuchefu cha bahari: dawa zinamezwa kabla hajaanza kujisikia vibaya, lakini nyingi zinaleta usingizi, na mtu wa magoti mwenye usingizi anaanguka. Muulizeni daktari wake kwanza. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji kabla ya kula. Ile jeli ya kupaka haiviui vizuri virusi vya kuharisha vinavyosumbua kwenye meli hizi.

Mwana_wa_Pongwe

Mama, shikamoo. Mimi nilipanda ya Durban. Faida yake ni kwamba Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi hadi siku 90. Meli zinatoka huko majira yao ya joto, takriban Novemba hadi Aprili, nyingi zinapandisha Msumbiji kwenye kisiwa cha Portuguese Island au ufukwe wa Pomene. Ni safari fupi na ni rahisi kuliko Ulaya.

Lakini kwa magoti ya mzee nasita. Huko hakuna gati. Meli inatia nanga nje, mnashushwa kwa viboti vidogo na mnaweza kukanyaga maji. Waliokuwa wakiona mizigo ikishushwa kwa matishari hapa Tanga kabla bandari haijachimbwa wanaelewa nasema nini. Bahari ikikataa, hamshuki kabisa.

MamaShani_Chumbageni

Marahaba wanangu, na asante dada Nesi. Nimemsomea mzee yote, ile ya mtu na mkewe gatini amenirudisha niisome tena. Amesema Durban hapana, na Roma ataitazama kwenye picha, siku hiyo atabaki ndani apumzike.

Stuadi, bado matatu. Hela tubebe vipi? Kibla tutakijuaje? Na binti anasema kuna usiku wa kuvaa rasmi, mzee hana suti na hataki kununua.

Stuadi_Ngamiani

Mama, kanzu nyeupe na koti, na kofia yake ya kiua. Nimewaona wazee wa Kiomani na Wakomoro wakiingia ukumbini hivyo na hakuna aliyewauliza. Wewe gauni lolote la harusini linatosha.

Kibla: hapa Tanga tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kule Makka iko mashariki ikielemea kusini. Dira ya simu huchanganyikiwa na chuma cha meli. Washa TV chumbani, kuna chaneli ya ramani inayoonyesha omo limeelekea wapi, halafu ukisie kutoka hapo. Tazama kila swala, maana meli inageuka.

Hela: ndani ya meli taslimu haitembei. Mnapewa kadi inayofungua mlango na kulipia kila kitu, na deni linaunganishwa na kadi ya benki au amana ya taslimu mnayoweka mapokezi. Kadi ya binti iunganishwe na chumba chenu, ndiyo njia nyepesi. Mkitumia kadi zenu za huku, meli inaweza kushikilia kiasi cha pesa, na zikachukua siku kuachiwa hata baada ya kulipa. Bebeni euro kidogo za kutumia nchi kavu. Maji ya chupa na soda mara nyingi hulipiwa. Kuna ada ya huduma ya kila siku kwa kila mtu, inajiongeza yenyewe kwenye bili. Nawaomba msiende kuifuta kama wafanyavyo wengine, inawafikia mpaka waosha vyombo ambao abiria hawaoni kamwe. Zaidi ya hiyo hamdaiwi.

Simu iwekeni kwenye hali ya ndege mara tu meli inapoondoka. Ikijiunga na mtandao wa setilaiti wa melini, salio litakwisha kabla hujamaliza salamu. Pasi ya umeme na birika acheni nyumbani, vitachukuliwa mlangoni. Plagi zetu za miguu mitatu zinahitaji adapta ya Ulaya.

Na usiku wa mwisho mabegi yanawekwa nje ya mlango, yanachukuliwa usiku. Bakizeni nguo za asubuhi, viatu, pasi na dawa. Nimeshuhudia watu wakishuka na nguo za kulalia.

MamaShani_Chumbageni

Binti amejibu. Kuna meli ya Palma, inaondoka siku nne baada ya ile ya kwanza. Vyumba vya katikati karibu na lifti vimebaki vya ghorofa ya tano na ya tisa. Ya tisa ina roshani.

Stuadi_Ngamiani

Tano, mama. Na aangalie kwenye mchoro wa meli juu ya hicho chumba kuna nini. Ikiwa ni vyumba, chukueni leo. Ikiwa ni ukumbi wa muziki, mzee hatalala.