MJADALA: Mfasiri wa Kiingereza aonyeshe kila wakati wa kitenzi cha Kigiriki, au aandike Kiingereza kinachosomeka?

Mleta mada:
Wakuu, Kigiriki cha kale kina zaidi ya njia moja ya kusimulia yaliyopita. Aoristi husema jambo lilitendeka, basi. Imperfekti hulitazama likiendelea, likirudiwarudiwa, au likijaribiwa tu. Perfekti husema limetendeka na matokeo yake bado yapo. Tafsiri nyingi za Kiingereza, za Biblia na za vitabu vingine vya Kigiriki, huyasaga yote pamoja, na mimi napinga.

Fungueni Luka 1:59. Ndugu na majirani wamekuja kumtahiri mtoto wa Elisabeti. Kitenzi ni *ekaloun*, imperfekti. King James, Biblia ya Kiingereza ya 1611, inasema "they called him Zacharias", yaani walimwita. Mstari wa 60 mama anakataa, na msomaji anabaki akijiuliza: kumbe mtoto alikuwa keshapewa jina? Hapana, ndiyo kwanza walikuwa wanataka kumpa. Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, imeliona hilo: "wakataka". Tofauti zionekane, hata sentensi ikiwa nzito.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, njia hiyo ilishajaribiwa. Wafasiri wa Revised Version, yaani King James iliyosahihishwa, Agano Jipya la 1881, walijitahidi sana kuilinganisha aoristi na wakati uliopita wa kawaida wa Kiingereza, wakalaumiwa kwa lugha kavu. Na hata wao hawakuweza kufika nayo mwisho. Mathayo 3:17, sauti kutoka mbinguni ikimsema Yesu, *eudokesa* ni aoristi. Waandike "nilipendezwa naye", kana kwamba sasa hapendezwi tena? Waliacha "I am well pleased", yaani napendezwa. Warumi 3:23 ni aoristi pia, na wakaandika "have sinned", yaani wamefanya dhambi, si walifanya. Aoristi ni pana kuliko kisanduku chochote cha Kiingereza.

Mchangiaji wa pili:
Msisahau wakati uliopo wa kusimulia. Xenophon, mwandishi wa Kigiriki, anakifungua kitabu chake Anabasis kwa *gignontai*: mfalme wa Uajemi Dario na mkewe Parisatis wanazaliwa watoto wawili wa kiume. Papo hapo anahamia imperfekti, Dario yuko katika kuugua na anahisi mwisho wake umekaribia. Kwa Kiingereza kawaida yote huwekwa wakati uliopita, ule mruko ukapotea. NASB ya 1995, Biblia nyingine ya Kiingereza, imepata dawa: Marko 1:40, mwenye ukoma "*came", na kinyota kinakwambia Kigiriki kinasema "anakuja". Mimi nakitaka kinyota kile. Sentensi inasomeka, na anayetaka kujua anajua.

Mleta mada:
Mathayo 3:17 nakubali. Lakini hiyo ni aoristi, haimpi mtu ruhusa ya kuipuuza imperfekti ya Luka. Na 1 Wakorintho 15? Paulo anaorodhesha: alikufa, aoristi, alizikwa, aoristi, halafu ghafla *egegertai*, perfekti, amefufuliwa na yu hai, kisha anarudi kwenye aoristi, akamtokea Kefa. Kabadili kwa makusudi. King James ikaweka "rose again", yaani alifufuka, sawasawa na kuzikwa. Wale wale wa 1881 mnaowalaumu waliandika "hath been raised", yaani amefufuliwa. Hapo nani alimtendea Paulo haki?

Mchangiaji wa kwanza:
Mwalimu, malizia mstari: "siku ya tatu". Kiingereza cha leo hakikubali "has been raised on the third day". Ukitaja siku, kitenzi hicho hakikai. Ndiyo maana ESV na NIV, Biblia za Kiingereza cha leo, wameandika "was raised", yaani alifufuliwa. Wafanye nini, waifute siku ya tatu?

Mleta mada:
Waweke tanbihi chini ya ukurasa. Mstari mmoja tu.