Kazihesabu pampasi za baba yake, moja moja, mbele yangu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka kutukanwa sasa hivi, hata chai sijanywa.

Mnamjua. Tanga nzima mnamjua, yule wa gari jeupe anayepaki katikati ya njia kama barabara kaachiwa urithi na babu yake. Mzee wake yuko kwangu huku Raskazone tangu apate kiharusi, upande wa kulia hauna kazi. Nyumba yangu ni ya kutunza watu wenye ulemavu, nina watu wazima wanne: wawili wamepooza, mmoja ana usonji, mmoja mtindio wa ubongo. Kila mtu na chumba chake, anachokiweza anafanya mwenyewe, sisi tunashika pale anaposhindwa.

Ukiacha pakiti moja ya pampasi aliyotuma juzi, miezi mitatu hajatoa hata mia. Leo kaja, nikajua kaleta hela. Weee! Hajamsalimia hata mzee. Moja kwa moja kabatini, kavuta pakiti, kaimwaga kitandani: moja, mbili, tatu... "Mbona zimebaki nne? Si zilikuwa kumi? Mnaziuza?"

Mzee yupo hapo hapo kwenye kiti! Ulimi mzito, hawezi kumjibu. Akavuta kikoi kwa mkono wa kushoto, akajifunika mapaja ambayo yalikuwa yamefunikwa tayari.

Niziuze wapi, soko la Mgandini? Mtu aliyepooza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, asitoke vidonda. Akiloa anabadilishwa papo hapo. Na wahudumu wenyewe waja leo waondoka leo, ukishamfundisha kumnyanyua mtu bila kumuumiza, kapata kazi Unguja. Halafu mtu anakuja kuhesabu pampasi!

Tena kaniita dada wa kazi niliyejipa umeneja. Hilo nimelimeza. Ila zile pampasi, moja moja, baba yake anaangalia!

Kidau: Pole dada. Ila miezi mitatu ulikuwa unalifuga hilo deni linenepe?

Mwenye uzi: Nifanyeje, nimtoe mzee nje na kiti chake?

Pweza Mkavu: Huyo namjua. Msibani kwao alihesabu sahani za pilau.

Barabara ya 12: Maneno mengi, swali moja: hizo sita zimeenda wapi?

Mwenye uzi: Wewe nawe kalale!

Binti Makorora: Bora wewe unadaiana na mtu. Sisi kikundi chetu ni cha watu wenye ulemavu, ile mikopo ya asilimia 2 ya mapato ya halmashauri. 2023 ikasimamishwa, tukangoja. Imerudi, tunaambiwa katiba ya kikundi irekebishwe, mara ya tatu hii. Na fomu zinachukuliwa ghorofani! Sheria ya 2010 inataka majengo yafikike, mwenyekiti wetu anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, apande nayo ngazi?

Kidau: Mngemngojea huyo afisa chini getini, jua likimchoma atashuka.

Mwana Chumbageni: Jamani kwenye baiskeli hapo, yangu imeibwa jana nje ya msikiti. Nyeusi, keria imefungwa kamba ya bluu.

Pweza Mkavu: Kengele haina mfuniko?

Mwana Chumbageni: Hiyo hiyo!

Mwenye uzi: Wakuu, uzi ni wa pampasi.

Pweza Mkavu: Nimeiona Mikanjuni asubuhi, karibu na mashine ya kusaga. Wahi.