Nampeleka mama Mumbai kwa matibabu: tukishuka uwanja wa ndege tunafikaje Parel?

Kitindamimba_Kiborloni (Moshi)

Habari zenu ndugu. Naomba msaada kwa aliyewahi kufika. Mama yangu ana miaka 67, ana uvimbe shingoni, na ameandikiwa rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India, eneo la Parel. Kaka zangu wamechanga hela, mimi ndiye nimepewa kazi ya kumsindikiza. Sijawahi kuvuka hata mpaka wa Holili.

Tunaondoka katikati ya Julai. Wengine wananiambia twende Dar tukapande Air Tanzania moja kwa moja, wengine wanasema KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kupitia Addis Ababa. Pia nimeona mtandaoni chumba Mira Road, bei yake nusu ya vyumba vya Parel, na kwenye ramani reli imenyooka hadi mjini. Nawaza tushuke, tuchukue bajaji, tupumzike, halafu siku za kliniki tupande treni. Nipo sahihi?

Binti_Sakina (Arusha)

Pole kaka, na mpe mama shikamoo yangu. Nilikaa huko na baba wiki saba mwaka 2023, hospitali hiyohiyo.

Nianze na chumba, maana ndipo tulipoumia. Na sisi tulianzia Mira Road kwa sababu hiyohiyo ya bei. Siku ya kwanza ya kliniki tulifika stesheni saa mbili asubuhi, na wakati huo mji mzima unaelekea kusini kazini. Treni inasimama kidogo tu, walio ndani wanasukumwa nje, walio nje wanasukumwa ndani, na milango haifungwi. Baba alikuwa na mpira wa chakula puani. Tuliacha treni tatu zipite. Ya nne tukaingia, kumbe ni ile ya haraka, haisimami Prabhadevi tulipotakiwa kushuka, ikatutupa Dadar. Siku ya tisa nikahamia Parel, chumba kidogo, dakika sita kwa mguu hadi geti la hospitali. Nilichokuwa naokoa kwenye kodi nilikuwa nakilipa kwa teksi, na baba alikuwa anakilipa kwa mwili wake. Kaka, nakuomba sana, chukua Parel au Dadar. Mgonjwa anaitwa leo kwa kipimo, kesho kwa majibu, keshokutwa kwa daktari mwingine. Huwezi kumsafirisha zaidi ya kilomita thelathini kila mara.

Ikibidi treni, panda saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri. Lipo behewa la walemavu, na wagonjwa wa saratani wanaruhusiwa humo. Niliulizwa karatasi mara moja, nikaonyesha faili la hospitali, tukaachwa. Tiketi daraja la pili inaanzia rupia 5. Yapo pia mabehewa ya wanawake peke yao, ila wewe hutaingia humo na mama.

Bajaji sasa. Utaziona nyingi nje ya uwanja wa ndege, wao wanaziita riksha, na kampuni yenyewe ya Bajaj iko Pune, jimbo hilohilo la Maharashtra. Lakini haziruhusiwi kuingia mjini kusini. Upande mmoja mwisho wake Bandra, upande mwingine Sion. Parel iko ndani ya mpaka huo. Dereva atakayekwambia twende tu, atakushusha njiani na mabegi. Mkitoka Terminal 2, tafuteni dirisha la teksi za kulipia kabla. Unataja Parel, unalipa, unapewa karatasi yenye namba ya gari. Siku za kawaida chukua zile nyeusi na njano, na mwambie dereva awashe mita. Akitikisa kichwa kulia na kushoto usikasirike, huko ni kukubali.

Julai ndiyo katikati ya mvua zao, Juni hadi Septemba. Kuna bonde linaitwa Hindmata, kati ya Dadar na Parel, linajaa maji. Siku moja teksi ilizimika hapo. Nilimshika baba mkono, maji magotini, faili nikaliweka kichwani kama ndoo. Hiyo ni sababu nyingine ya kulala karibu. Beba viatu vya mpira vya mama.

Kuhusu ndege, kwa mgonjwa mimi ningechagua KIA. Ile siku nzima ya basi hadi Dar inamchosha kabla safari haijaanza. Mkikata tiketi ombeni kiti cha magurudumu, hakilipiwi, na mhudumu atawavusha Addis hadi mlango wa ndege ya pili. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, na kadi ikae na pasipoti. Viza ya mama iwe ya matibabu, yako ya msindikizaji, zote zinaombwa mtandaoni.

Ngaramtoni_Mumbai

Dada amesema kweli tupu. Mimi nasoma huku, naongeza yaliyobadilika. Kuna metro ya chini ya ardhi sasa, laini ya 3, imefunguliwa kwa awamu kuanzia Oktoba 2024 na ina stesheni palepale Terminal 2. Ni safi, ina baridi, haijui mafuriko ya Hindmata. Ila haipiti Parel penyewe, inapita upande wa Siddhivinayak na Worli, kwa hiyo siku ya kufika na mabegi shikeni teksi tu.

Nunua laini ya simu mapema, pasipoti na viza mkononi. Bila namba ya India, Uber na Ola zinasumbua. Ukiita gari, simu inakupa tarakimu nne, mtajie dereva ndipo safari ianze.

Na usishtuke na bili. Wanahesabu kwa laki kama sisi, lakini mkato wanauweka kwingine: 2,50,000 ni laki mbili na nusu. Mjomba mmoja niliyempokea alidhani karani amekosea, akataka kugomba.

Kitindamimba_Kiborloni

Mungu awabariki. Nimemsomea mama maneno ya Dada Sakina, amenyamaza, halafu akasema chumba cha Mira Road kifutwe. Nimekifuta. Sasa yeye anauliza jambo moja tu: mtori atapata? Amekuwa hali kitu kingine kwa wiki mbili.

Binti_Sakina

Atapata. Tafuta chumba chenye jiko, ulizia hilo kabla hujalipa. Ndizi mbichi zipo sokoni Dadar, wanaziita kela, ni ndogo kuliko za kwetu ila zinaiva vizuri na kupondeka. Nyama ya ng'ombe imekatazwa Maharashtra tangu 2015, tumia mbuzi, chemsha mifupa usiku uliotangulia. Unga wa mahindi ni wa njano na baba aliukataa, kwa hiyo beba kilo tatu za sembe kwenye begi kubwa. Na mwiko. Mwiko sikuuona popote, nilisonga kwa kijiko wiki saba.

Kitindamimba_Kiborloni

Mwiko ameshautoa jikoni, uko juu ya begi. Kesho asubuhi naenda kukata tiketi za KIA.